Ulikuwa Lami au Pembeni?

Siku baba alipogongwa, sikuuliza kama yu hai. Mama alipiga simu saa tano asubuhi, nikiwa nimekaa kwenye ngazi za maktaba chuoni Dar es Salaam. Akasema, "Baba yako kagongwa na gari huku Makutano, akiwa na baiskeli yake." Nami nikauliza: "Alikuwa kwenye lami au pembeni?"

Mama alinyamaza. Nilisikia watu wakiongea nyuma yake na kitanda cha magurudumu kikisukumwa. Kisha akasema, "Mtulinga umevunjika. Wa kulia. Hayo ya lami utakuja umuulize mwenyewe."

Nimejitetea kichwani mara nyingi tangu siku ile. Kwamba nilishtuka. Kwamba kama baba angekuwa amefariki, mama asingeongea kwa sauti ile. Lakini swali lilitoka lenyewe kwa sababu ndilo nililokuwa nimelala nalo na kuamka nalo. Nasoma shahada ya uzamili ya mipango ya usafirishaji, na pendekezo langu la utafiti lilikuwa linauliza kwa nini waendesha baiskeli hawatumii njia walizojengewa. Asubuhi ileile nilikuwa nimeiandika upya aya ya kwanza kwa mara ya sita.

Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kubeba abiria Mei 2016, Barabara ya Morogoro ilipata vitu vingi kwa mpigo: njia za mabasi katikati, za magari kando yake, na mwishoni kabisa njia za waenda kwa miguu na za baiskeli. Kwenye mchoro inapendeza. Nilikaa Manzese, nikakaa Magomeni, daftari mapajani, nikawa naandika. Muuza madafu, lami. Muuza mkaa mwenye magunia matatu, lami. Kijana mwenye kreti za mayai hadi kisogoni, lami. Halafu nikageuza ukurasa na kuandika kilichokuwepo kwenye njia yenyewe: bodaboda wakisubiri abiria, meza ya matunda, mama lishe na jiko lake, kifusi, gari la mtu aliyeingia dukani "dakika moja tu". Msimamizi wangu alisoma kurasa zile akatikisa kichwa. Kwa maoni yake kulikuwa na tatizo la elimu hapo, watu hawajui thamani ya miundombinu. Nikaandika neno elimu, nikalipigia mstari.

Sasa fikiria: wakati naandika neno lile, baba yangu mzazi alikuwa mahali fulani kati ya Musoma na Butiama, gunia la dagaa kwenye keria, gurudumu la mbele likiwa ndani ya mstari mweupe. Kwenye lami. Miaka thelathini na zaidi.

Baba huchukua dagaa Mwigobero, pale ziwani Musoma, na kuwapelekea wateja wake wa Kiabakari, Butiama na vijiji vya katikati. Zamani alifika hadi Bunda, akilala kwa shangazi. Baiskeli ni Phoenix nyeusi ambayo sidhani kama imebaki na kifaa cha asili zaidi ya fremu. Nilipokuwa darasa la tatu alinipakia mbele, kwenye bomba, na magari yakipita nilifumba macho. Nikamwambia, "Baba, twende pembeni." Akanijibu, "Pembeni wanakusahau." Kaka yangu alilichukua neno hilo akalifanya utani wa nyumbani, mtu akikosa nyama kwenye sahani anasema nimekaa pembeni.

Nilipanda basi kesho yake. Basi la kwenda Musoma lina muda wa kukutosha kusoma chochote, na mimi nilibeba makala zangu, kwa sababu sikutaka kukaa na swali langu bila kazi. Ndipo nilipogundua kwamba ugomvi wa baba na mimi una karibu miaka mia. Desemba 1934, waziri wa uchukuzi wa Uingereza, Leslie Hore-Belisha, alifungua njia ya baiskeli kando ya Western Avenue, London, yenye urefu wa kama kilomita nne. Ungedhani waendesha baiskeli walishangilia. Chama chao kikubwa, Cyclists' Touring Club, kiliipinga. Walisema njia ni nyembamba, kwamba inakatikakatika kwenye kila njia panda, na zaidi ya hayo waliogopa jambo moja: leo mnatuwekea njia, kesho mtatuambia barabara si yenu. Nilisoma hayo tukiwa tunaikaribia Singida, nikacheka peke yangu. Abiria wa jirani akahamisha mkoba wake.

Halafu kuna John Forester, mhandisi wa California. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mji wa Palo Alto uliamuru waendesha baiskeli wapite kwenye njia za waenda kwa miguu katika baadhi ya barabara. Forester akaendelea kupita barabarani hadi akaandikiwa kosa, na maisha yake yote yaliyobaki, hadi alipofariki mwaka 2020, akawa anahubiri kwamba mwendesha baiskeli yu salama zaidi akijiona na akitendewa kama dereva wa chombo. Wahandisi wengi wa Marekani walimsikiliza, na njia za baiskeli hazikujengwa kwa miongo kadhaa. Uholanzi walikwenda kinyume. Mwaka 1971 watoto zaidi ya 400 walikufa barabarani nchini humo, wazazi wakaingia mitaani na mabango, na kidogokidogo nchi ile ikajenga njia ambazo leo hakuna haja ya kumlazimisha mtu kuzitumia. Anayezikwepa anajichelewesha mwenyewe.

Kwa hiyo nilishuka Bweri stendi, saa za alfajiri, nikiwa nimejaa hoja za pande zote mbili. Na nimechoka.

Baba alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani. Nilimkuta amekaa uani kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia ukiwa kwenye kombeo la khanga ya mama. Nikasimama upande wake wa kulia, nikasema, "Shikamoo baba." Hakugeuka. Nikarudia. Mama alimgusa goti, ndipo akaniona na uso ukafunguka: "Marahaba mama! Umefika saa ngapi?" Nikasema moyoni, ni dawa za maumivu. Nikaliacha hapo.

Jioni walinikalisha: mama, kaka, na baba mkubwa aliyetoka Nyasho kwa ajili hiyo tu. Hoja yao ilikuwa moja. Mzee ameshafika umri wa kupumzika, na kama hataki kupumzika basi apite pembeni kama watu wengine. "Wewe ndiye uliyesomea barabara," baba mkubwa alisema. "Sisi ametuzoea. Mwambie wewe." Nikakubali. Na niseme kweli, nilijisikia vizuri kukubali. Ilikuwa mara ya kwanza nyumbani kwetu mtu kuona matumizi ya masomo yangu.

Lakini baba aliniwahi. Kesho yake asubuhi aliniita, akanipa daftari lake la madeni. Wateja walikuwa wamechukua mzigo, mwisho wa mwezi umefika, na yeye hawezi kushika usukani. Kaka ana kazi. "Kaa siku mbili ukawaone. Kiabakari, Bunda kwa shangazi yako kuna mtu mmoja, urudi kwa Butiama." Nikasema nitapanda michomoko. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa nitakwenda kwa ndege. Kwenye daftari, wateja hawakuandikwa kwa majina wala namba za simu. Waliandikwa hivi: mwembe wa pili baada ya kalavati. Mama wa mashine, kibanda cha bluu. Mtu wa Probox atapita mahali pale kwa mwendo wa kasi na hataona mwembe wowote.

Basi nikachukua Phoenix. Fundi wa jirani aliinyoosha madigadi, akabadilisha spoki mbili, akashusha tandiko. Nami nikajiwekea sharti: kwenda na kurudi, sitagusa lami. Nilikuwa na sababu ya kitaaluma, na nilikuwa na sababu ya kumshinda baba, na ya pili ndiyo ilikuwa na nguvu.

Nikueleze pembeni ilivyo, kwa sababu kama unasafiri kwa basi hujawahi kuiona. Kwenye barabara zetu kuu baada ya mstari mweupe kuna bega la barabara, kipande cha upana wa mita moja na kitu, chenye lami ya kokoto inayotetemesha hadi meno. Baada ya bega ni udongo, halafu mtaro. Kwenye mchoro bega ni la watembea kwa miguu, baiskeli na gari lililoharibika. Kutoka Bweri kuelekea Makutano, kwa saa mbili za kwanza, bega lilikuwa la kila kitu ambacho barabara haikukitaka. Vioo vya taa. Mchanga ulioletwa na mvua. Kipande cha tairi kilichochanika kama ngozi ya nyoka. Lori lililokufa, na matawi ya miti yaliyotupwa nyuma yake mita kumi kwa kumi kuonya magari. Lori lilikuwa limeondoka siku nyingi, matawi yamebaki. Mbuzi. Michomoko inayotoka lami ghafla kufuata abiria mmoja aliyeinua mkono.

Mbele kidogo nilikuta udaga umeanikwa kwenye bega lote, mweupe, umbali wa nyumba tatu. Mama mmoja alikuwa anaugeuza kwa miguu. Nikasimama. Akanitazama, akatazama baiskeli, akasema bila ugomvi wowote, "Mwanangu, si upite huko wenzako wanakopita?" Nikashuka, nikasukuma baiskeli kwenye majani.

Kilichovunja sharti langu ni wanafunzi. Saa ya kutoka shule walijaa begani, wanne wanne, fagio na madumu mikononi, wanapiga hadithi. Nikapiga kengele. Walitawanyika kama kuku, na mmoja, mvulana mdogo mwenye kaptula ya kaki, aliruka upande wa kulia. Upande wa lami. Lori la mizigo la kwenda Sirari lilikuwa linatoka mbele yetu upande wa pili, na nyuma yetu hakukuwa na gari. Hakukuwa na gari. Nairudia sentensi hiyo kwa sababu niliirudia kwa saa nzima baadaye nikiwa nimekaa chini ya mti, mikono haitulii. Mtoto yule alicheka tu, akarudi kwa wenzake. Nilikuwa nimejiondoa kwenye njia ya malori ili niwe salama, na kwa kufanya hivyo nilikuwa nimekuwa lori la mtu mwingine.

Nikapanda lami.

Kilomita za kwanza nilifanya kosa la kila mgeni, nilibana juu ya mstari mweupe wenyewe. Magari yalinipita kwa kasi ileile waliyokuja nayo, upepo wao ukinivuta. Ndipo nikakumbuka baba anavyokaa, gurudumu ndani ya mstari, kiasi cha mkono mmoja. Nikaingia. Na hapo nikaona ajabu ndogo: dereva aliye nyuma sasa analazimika kugeuza usukani kidogo. Akigeuza usukani, amekuona. Ndiyo maana yote ya kukaa pale. Nikajifunza pia honi, ambazo kwa miaka mingi nilidhani ni matusi. Honi fupi moja ni salamu, nimekuona mzee, baki hapohapo. Mbili za haraka ni kwamba kuna kitu kinakuja mbele, nafasi haitatutosha sote. Ndefu ni ondoka. Na baba, ambaye familia nzima inamwita mbishi, huondoka. Nilikumbuka sasa, nikiwa nimepakiwa kwenye bomba na macho nimefumba: kila basi na lori zilipokutana, tulitetemeka. Ilikuwa kokoto ya bega. Alikuwa anatoka mapema, anaziacha zipite, halafu anarudi. Mimi nilikumbuka lami tu kwa sababu ndiyo iliyonitisha.

Kalavati na madaraja ndiyo mtihani. Bega huja hadi pale, halafu linaisha, kingo za zege zinabana, na mtu wa pembeni hana pa kwenda isipokuwa kujitokeza barabarani mahali pembamba kuliko pote, mbele ya dereva ambaye hadi dakika ile hakujua kama yupo. Mtu aliyekuwa tayari kwenye lami anapita tu. Hiki ndicho walichokisema wale wa London mwaka 1934 kuhusu njia panda, na mimi nilikuwa nimekisoma kwenye basi bila kukielewa. Kinachoua ni mahali njia inapokatika.

Kiabakari nilikusanya madeni mawili kati ya matatu. Bunda nilifika giza limeingia, makalio hayana hisia. Shangazi alinipa maji ya moto na ugali, akaniambia baba yako alikuwa mbishi tangu tumboni. Yule mdeni wa Bunda alikuwa amehamia Mwanza.

Na kila mahali waliniuliza. Wakiona baiskeli waliitambua, wakisikia habari walishika vidole mdomoni, halafu: "Kwani alikuwa kwenye lami au pembeni?" Mtu wa mashine aliuliza. Fundi wa pancha Kiabakari aliuliza. Kijana wa duka la simu Bunda, ambaye hamjui kabisa baba, aliuliza. Hakuna hata mmoja aliyeuliza dereva alikuwa anakwenda mwendo gani. Kwenye makazi sheria ni kilomita 50 kwa saa, na kibao kipo, kinasomeka. Nilisikiliza swali langu likitoka kwenye vinywa vya watu wasiowahi kukanyaga maktaba na nikaona halikuwa swali la utafiti. Lilikuwa njia ya kumaliza mazungumzo. Akijibu lami, kajitakia. Akijibu pembeni, bahati mbaya. Vyovyote vile tunaweza kuendelea na kazi zetu.

Siku ya pili nilikata kwenda Butiama. Ninaipenda barabara ile ya kuingia, na mawe yake makubwa yaliyobebana vilimani. Mteja wa mwisho kwenye daftari ni bibi anayekaanga dagaa karibu na njia ya kwenda Mwitongo, alikozikwa Mwalimu. Nilipumzika kibandani kwake. Aliniambia habari za msafara wa Twende Butiama, wale waendesha baiskeli wanaotoka Dar es Salaam hadi hapa kumuenzi Mwalimu inapokaribia Oktoba 14. Nami nimewahi kuwaona: kofia ngumu, nguo za kubana, gari mbele, gari nyuma. Wanakaa kwenye lami, tena wawiliwawili, na watoto wanasimama kuwapungia. Sina ugomvi nao, wamepiga pedeli nchi nzima, wanastahili. Ila sijawahi kusikia mtu akiuliza kwa nini hawakupita pembeni. Na Mwalimu mwenyewe, Oktoba 1967, alitoka hapa kwa miguu hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Mtu akiwa na msafara, barabara inamjua. Baba ana kengele.

Bibi alihesabu hela zake mara mbili, akanipa zote, akafunga na dagaa waliokaangwa kwenye gazeti. Nikamweleza ajali. Nikasubiri swali.

Akauliza, "Anakula?"

Nikashindwa kujibu kwa muda. Nikasema ndiyo, anakula, anakula vizuri. Akasema basi mwambie dagaa wakija wa mtu mwingine nitawakataa.

Niliingia Musoma jioni. Baba alikuwa palepale kwenye kiti cha plastiki. Nilimkabidhi hela na daftari, akapitia mstari kwa mstari, akakasirika kuhusu mtu wa Bunda, akafurahi kuhusu bibi. Nikavuta kigoda, nikakaa upande wake wa kushoto, nikamweleza nilichomuuliza mama kwenye simu. Kwamba kabla ya kuuliza hali yake niliuliza alikuwa wapi. Nikaomba radhi.

"Mama yako aliniambia," akasema. "Hata trafiki aliuliza hilohilo."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia nilikuwa narudi." Akaonyesha kwa mkono mzima. Basi lilikuwa linakuja mbele na fuso nyuma yake, akatoka begani mapema, vikapita, akaanza kurudi kwa sababu mbele yake kulikuwa na kalavati. Michomoko ilikuwa nyuma ya hayo yote. Kioo cha kushoto kikamchukua bega la kulia. "Trafiki hakuwa na mahali pa kuandika narudi. Akachora baiskeli katikati ya barabara." Dereva alikuwa kijana wa umri wangu. Ndiye aliyempeleka hospitali, akalipia picha ya eksirei, na siku iliyofuata alikuja nyumbani na kilo mbili za sukari, akakaa uani bila kujua aseme nini.

"Hakupiga honi?" nikauliza.

Baba akakunja daftari. Akalikunjua. "Anasema alipiga."

Hapo nikaelewa shikamoo ile ya kwanza. Nikaelewa kwa nini redio ya nyumbani imekuwa ikipigwa hadi majirani wanalalamika, na kwa nini kwenye simu huwa anasema "ehee, ehee" kisha anampa mama. Nikamuuliza sikio la kulia limeanza lini. Akasema, "Sio sana." Nikauliza tena. Akasema tangu mwaka juzi, na kwamba nisimwambie kaka yangu.

Nimelifikiria jambo hili zaidi kuliko lolote nililosoma chuoni. Nilikuwa nimetoka safari nikiwa tayari kuwaambia wote kwamba mzee ana haki. Anachokifanya barabarani ni elimu kubwa kuliko ile niliyoipigia mstari, ni hesabu anayoipiga upya kila dakika kwa macho na masikio, na Forester angempa mkono. Lakini Forester alifundisha watu wenye macho na masikio. Hesabu ya baba inaanza na honi fupi, na yeye nusu ya honi hazisikii tena. Baba mkubwa alikuwa ananitaka nimwambie apite pembeni; sasa nimepita pembeni na najua hakuna pembeni ya kumpeleka, kuna udaga na watoto wa shule na kalavati. Barabara yetu inamruhusu mtu kuishi kwa ustadi wake. Siku ustadi ukipungua haina kitu kingine cha kumpa. Njia ya Uholanzi, ile iliyojengwa kwa sababu ya watoto, ingemfaa pia mzee asiyesikia. Ingemfaa hata mpumbavu. Lakini ingebidi ifike hadi ng'ambo ya kalavati, na iwe na upana wa kumpita mwanafunzi bila kumrusha, na mama wa udaga awe amepatiwa mahali pa kuanika.

Niliporudi chuoni nilibadilisha swali la utafiti. Msimamizi alilalamika kuhusu muda, kisha akasaini. Sasa sihesabu tena nani yuko wapi. Natembea kando ya barabara na kuandika njia inakatikia wapi, na mtu anafanya nini akifika hapo. Kazi haina mvuto wowote na viatu vinaisha.

Lakini kabla ya kuondoka Musoma nilikwenda Nyasho, kwa fundi, nikanunua kioo cha pembeni cha pikipiki. Tukakifunga kwenye usukani, upande wa kulia. Sikumwambia baba aache baiskeli, wala aendelee. Nilimwambia kaka habari za sikio, kwa hiyo hilo nalo nitaliombea radhi siku moja. Tulikubaliana Bunda basi, na siku za mnada michomoko itabeba magunia, yeye abaki na wateja wa karibu hadi mtulinga ukae sawa, halafu tutaona. "Halafu tutaona" ni lake.

Alikizunguka kile kioo kama anayekagua ng'ombe. Akalalamika kwamba kitamfanya aonekane bodaboda. Halafu akapanda, baiskeli ikiwa kwenye stendi, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kombeo, akatazama.

"Naona sura yangu tu," akasema.

Nikakigeuza kidogo kuelekea nje.

"Bado."

Nikakigeuza tena. Nyuma yetu, barabarani, bodaboda alikuwa anakuja na mtungi wa gesi mgongoni.

"Hapo," akasema baba. "Kaza nati."